Njia ya Jini Shamhuti

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika mji wa Zamrudia, zama za Sultani Badrudini bin Nasibu, ni kwamba Sultani aliagiza kahawa na waraka kwa wakati mmoja, na kahawa ikafika. Waraka wenyewe ulikuwa mkataba wa kisima cha mji, nao ulikuwa katika ghala la nyaraka, alimotumika jini aitwaye Shamhuti, aliyefungwa kwa pete tangu enzi za babu yake Sultani. Siku sita zikapita na jini hajauleta, na wajumbe wa nchi jirani wakadai kisima ni chao, na kadhi akatoa muda hadi alasiri ya siku ya saba.

Waziri akamfukizia jini ubani ratili mbili ili aongeze mbio. Haukusaidia. Akaajiri jini wa pili, na majini hao wakakwama mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Tangulia, sharifu." Ndipo Sultani akamwita mtunza ghala, Haidari bin Mshangama, akamwambia, "Mkataba usipopatikana leo, wewe na jini wako mtahama mji huu, na sisi tutakunywa maji ya mvua."

Haidari akaipangusa pete, na Shamhuti akatokea akihema, ana vumbi hadi kwenye pembe.

"Usiende popote. Nieleze tu unavyokwenda."

"Bwana, miaka sabini natumika, hakuna aliyewahi kuniuliza njia."

"Mimi nakuuliza."

"Nafungua sanduku la kwanza, nasoma kila waraka. Nikikuta neno kisima, naruka hadi chumba cha mihuri, napekua mihuri yote kutafuta wa waraka huo. Kisha narudi kwa waraka unaofuata."

"Mihuri yote, kwa kila waraka?"

"Masanduku ni arobaini tu. Si kazi."

"Nani kakwambia arobaini?"

"Nilihesabu mwenyewe, mwaka aliotahiriwa baba yake Sultani."

"Leo ni elfu tisini na mbili."

Jini akakaa chini. Akasema, "Ndiyo maana magoti yananiuma."

Haidari akamwamuru ahesabu masanduku upya, akipita kila moja mara moja na chumba cha mihuri mara moja tu, na alipokuwa akihesabu wakaandika daftari la visima vyote kwa mpangilio wa herufi, na mbele ya kila jina sanduku lake na muhuri wake. Adhuhuri wakamaliza.

"Sasa ungekwendaje?"

"Daftari, sanduku moja, muhuri mmoja."

"Nenda."

Akaenda, akarudi kabla Haidari hajamaliza kupiga chafya.

Kadhi akausoma mkataba, kisima kikabaki Zamrudia, na Sultani akamvika Haidari joho, akataka kumwoza dada yake Waziri.

"Nimekwisha oa, maulana."

"Lakini Bi Zumaridi alifariki mwaka jana."

"Naam, maulana."

Sultani akampa nyumba na shamba, na dada yake Waziri akaozwa mjumbe mkuu wa nchi jirani, ili mjumbe naye apate haki ya kunywa kisimani. Na funzo lake ni hili: mwenye mtumishi mzito na amuulize njia kabla ya kumtafutia mwenzake.

Asubuhi iliyofuata Haidari aliipangusa pete, akaagiza cheti cha ndoa yake na Bi Zumaridi. Shamhuti akaanza kumweleza njia.

"Njia yoyote," Haidari akasema. "Sina haraka."