Vya Mgeni, Visiguswe

Mama mmoja huko Wundanyi alikuwa na oveni ya gesi na mikono isiyojua kutulia. Jina lake Mghoi. Hakuwa na duka wala kibanda, hakuuza kitu. Alioka kwa raha yake tu. Sikilizeni hapo, nyinyi watu wa "business plan": kwa raha yake. Simu ilimwonyesha Mfaransa mmoja mwenye kofia ndefu akikunja siagi ndani ya unga, akiongea lugha ambayo Mghoi hakuambulia hata neno, lakini ile mikono aliielewa. Na Wundanyi kuna baridi, siagi haiyeyuki mezani kama kule chini Voi. Basi alichokiona akakifanya. Biskuti za siagi. Tati za mapera, vile vikombe vya unga vyenye tunda ndani, kingo zimebanwa kwa uma. Na vile vidude virefu vya Kifaransa vinavyovimba kama kidole kilichoumwa na nyuki, ndani krimu, juu chokoleti.

Trei ilipotoka motoni hakuna aliyengoja sahani. Mumewe Mwakio na binti yao Wakesho walisimama pale pale jikoni, kila mtu na chake kikiwa moto, kikitoka mkono huu kwenda ule, wakipuliza, wakicheka na mashavu yamejaa. "Hii limau imezidi, Mama." "Hii bado mbichi katikati, irudishe." "Hii asiguse mtu, nimeshailamba." Mghoi alisikiliza, na safari iliyofuata akapunguza limau. Mfaransa alimwonyesha mikono. Ladha alifundishwa na vinywa vya nyumbani kwake.

Siku moja ya mvua, gari la bwana mmoja likakwama kwenye tope la kona iliyo chini ya nyumba ile. Alikuwa anatoka mazishini. Mtu mwenye hoteli yake huko pwani, shati jeupe, viatu vilivyokuwa viking'aa asubuhi. Wakamkaribisha, wakampa chai na tati ya mapera. Akaila yote. Akaomba nyingine. Akafuta masharubu, akatazama jiko, akatazama wenyeji wake wenye makombo videvuni.

"Mama," akasema, "vitu kama hivi mnavila hivi hivi tu, mmesimama? Hii ni class, Mama. Hivi ni vya kuwekewa wageni. Mimi nitarudi. Nikivikuta bado viko namna hii, aliyevioka naondoka naye. Nampa jiko zima la hoteli yangu."

Mghoi akamwangalia binti yake. Maana Wakesho alikuwa amesomea mapishi chuoni, amemaliza, amerudi. Cheti kilikuwa ukutani ndani ya fremu, kazi haikuwa popote. Aliitwa Wakesho, na kweli kila kitu chake kilikuwa cha kesho. Kesho tutakupigia. Kesho njoo na experience. Kesho ndiyo yenu, vijana. Na sasa, kesho mgeni atarudi.

Tangu siku hiyo oveni ya nyumba ile ikabadili dini. Mghoi akaweka sebuleni kabati la vioo, akatandika ndani yake vitambaa alivyodarizi mwenyewe. Akamwachia Wakesho kuoka, kila kitu, ili mgeni akija amkute binti na mkono mwepesi. Yeye akabaki na ufunguo wa kabati. Akaufunga kwenye ncha ya leso, fundo gumu, la kufungua kwa meno. Kila trei iliyotoka motoni ilivuka jikoni haijaguswa, ikaingia kabatini, kioo kikafungwa. Mtu akinyoosha mkono, jibu lilikuwa moja: "Hivyo ni vya mgeni."

Mwakio alijaribu mzaha. "Mke wangu, hata harufu tuiombee visa?"

Mghoi hakucheka. "Cheka tu, Baba Wakesho. Maisha ya huyu mtoto yako ndani ya kabati hili. Likiguswa likaharibika, utamwajiri wewe?"

Mwakio akanywa chai yake kavu.

Basi nyumba ikaanza kuishi kwa masikio. Kila gari lililopanda mlima lilibadilisha gia pale kwenye kona, na kila gia ilipolia Mghoi aliacha alichoshika. Upawa ukaanguka, sufuria ikafurika, yeye anafuta kioo, ananyoosha kitambaa, anageuza tati ili upande uliopendeza zaidi uutazame mlango. Gari likapita. Akakaa. Hakukaa vizuri, alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliye hospitalini anayengoja jina lake liitwe. Krimu ikachacha. Biskuti zikalegea kwa unyevu. Akazitoa mwenyewe, akawamwagia kuku nyuma ya nyumba, akarudi ndani, akasema, "Oka tena. Anaweza kuja leo." Kuku wakanenepa. Katika boma lile, wenye uzoefu wa mapishi ya Kifaransa wakabaki kuku peke yao.

Wakesho alioka. Binti mwenye adabu, mnawajua. Asubuhi alikanda, mchana akatazama moto, jioni akaosha trei. Mara moja tu aliomba. "Mama, nionje moja. Moja tu, nijue niko wapi."

"Utaonja mgeni akishakula. Aliyelelewa hamtangulii mgeni."

Hakuomba tena. Akajifunza kuoka kwa macho. Alijua rangi, alijua umbo, alijua ukingo uliosimama na ukingo uliolala. Lakini mdomoni hakuwa na kitu cha kumwambia ndiyo au hapana. Alianza kuota usiku meno yake yamegeuka kioo. Kila alipovunja yai alisita, maana hakujua kama anaboresha au anaharibu, na kila siku ilikuwa huenda ndiyo siku yenyewe.

Sasa nisikilizeni kuhusu makopo. Katika nyumba zetu kopo halisemi ukweli, na hakuna anayelilaumu. Kopo la kakao lina sukari. Kopo la aiskrimu lina maharagwe yaliyochemshwa. Lile la biskuti, lile zuri lenye picha, fungua tu: sindano na uzi. Tumekua hivyo, tunajua la ndani bila kusoma la nje. Basi siku moja kopo la baking powder likaisha. Mwakio akatoka sokoni na magadi ya kulainishia maharagwe, yamesagwa laini, yamefungwa kwenye gazeti linalopasuka. Akaona kopo tupu. Akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya na kopo tupu. Akamimina, akafunika, akaenda zake shambani. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona kama kuna cha kusema.

Wakesho akalifungua kopo. Unga mweupe. Akachota kama kawaida.

Na magadi yana hila moja: yanapendezesha. Biskuti zilitoka na rangi ambayo nyumba ile haikuwa imewahi kuiona, hudhurungi ya dhahabu, zimeiva sawasawa toka ukingo hadi ukingo. Vikombe vya unga vya zile tati viling'aa kama vimepigwa varnish. Mghoi alipiga makofi. "Hapo sasa! Hapo sasa umeiva, mwanangu! Hata yule Mfaransa aje ajionee!" Akazipanga kabatini kwa ncha za vidole, akarudi nyuma, akazitazama, machozi yakamlengalenga.

Wakesho hakupiga makofi. Rangi ile ilikuja upesi mno, kabla ya muda wake, naye kwa macho yake yote ya kuokea aliliona hilo. Na palikuwa na harufu, ndogo, chini ya harufu ya siagi. Kama mikono iliyotoka kufua.

"Mama, kuna harufu."

"Harufu ya woga wako hiyo."

Chache za trei ile ile, ambazo hazikutosha kabatini, zilikuwa zimekwisha kumwagiwa kuku. Wakesho akatoka nyuma kutazama. Kuku mmoja alidonoa. Akasimama. Akafuta mdomo kwenye nyasi, upande huu na upande huu, akaondoka. Wengine wakamfuata. Biskuti zilibaki pale chini, nzuri, nzima. Wakesho akarudi ndani mbio.

"Mama, kuku wamezikataa."

"Kuku wameshiba," Mghoi akasema. Kisha simu ikaita. Akaisikiliza amesimama, mkono mmoja umeshika ncha ya leso, na uso wake ukabadilika. Mgeni yuko njiani. Amekwisha pita Mwatate. Anapanda mlima.

Hapo ndipo nyumba ile ilipoingiwa na homa. Viti vikasogezwa, vikarudishwa. Mwakio akaambiwa abadili shati, akaambiwa si hilo. Fundo la leso likagoma, Mghoi akaling'ata, akang'ata tena, hatimaye kioo kikafunguka. Wakesho akahamisha biskuti na tati kwenda kwenye sahani ya maua, mbio mbio, na biskuti moja ikavunjika kiganjani mwake. Nusu ikaenda chini. Nusu ikabaki.

Akaitazama. Ilikuwa karibu na mdomo kuliko kitu chochote alichokioka tangu mgeni yule aondoke. Sekunde moja ingetosha. Angeonja, angejua, angepiga kelele, angemwaga sahani nzima, angempa mgeni chai na mkate wa kawaida na kumwambia ukweli, ngoja kidogo, Mzee, leo kimeharibika, nitakuokea kingine ukiwa umekaa hapo hapo. Angeoka na ingekuwa tamu. Mikono ile ilikuwa na uwezo huo. Gia ikalia pale kwenye kona.

"Usithubutu!" Mghoi alikuwa mlangoni. "Mgeni anabisha hodi, wewe unatafuna?"

Wakesho akaiweka ile nusu mfukoni mwa aproni. Akainua sahani. Akatabasamu kama walivyofundishwa chuoni.

Mgeni akaketi. Dereva hakuzima gari, lilikuwa likinguruma nje. Watu watatu wakasimama wakitazama taya la mtu mmoja. Akauma. Akatafuna, akatulia. Akatafuna tena taratibu, kama mtu anayetumaini amekosea. Akashika kikombe cha chai, akanywa chote kwa mkupuo mmoja, kikiwa moto, na macho yakamtoka. Akajaribu tati. Ukingo wake mzuri ukavunjika kwa sauti nzuri, akaishusha chini, akatoa leso ya mfukoni na kuishikilia mdomoni muda mrefu.

"Mama," akasema, na hakusema kwa ukali, "nani alionja?"

Mghoi alimtazama mumewe, mumewe akatazama sakafu, na sakafuni hakukuwa na hata kombo moja.

Mgeni akasimama. Akashukuru kwa chai. Mlangoni akageuka, mtu muungwana, akasema lile neno ambalo kila mwenye cheti amelisikia: "Tutawapigia." Gari likashuka. Gia ikalia pale kwenye kona, mara ya mwisho, na Mghoi hakuinuka.

Akainusa tati iliyovunjika, akampata wa kumtupia lawama. "Umesomea mapishi! Cheti kile pale ukutani! Nimeuza mbuzi, nimeuza ng'ombe, mtoto asome, kumbe ananiokea sabuni! Msomi mzima, hata ulimi wa kuonja huna?"

Wakesho akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa ile nusu ya biskuti. Akaitia mdomoni mbele ya mama yake. Ilikuwa chungu, ilikuwa na povu, ilikuwa sabuni ya kufulia kabisa. Akaitafuna yote, hakuharakisha, akaimeza. Kisha akasema:

"Ulimi ninao, Mama. Ufunguo ulikuwa nao wewe."

Nyinyi mlioketi viti vya mbele, mnaotuambia vijana hawajui kazi, vijana hawana uzoefu, vyeti vyao makaratasi tu: kabla hamjatuuliza tena nani alionja, hebu shikeni ncha za leso zenu, pekueni mifuko ya makoti yenu, mtuambie huo ufunguo mlioufunga humo fundo gumu ni wa kabati gani, na huyo mgeni mnayetuwekea ni nani?