Jemedari Aliyeugua Siku Kumi na Tisa

Kisa hiki nimetumiwa na mtu. Nimekisoma mara mbili, nikaona nisikae nacho peke yangu. Ukimaliza, mpelekee yule unayemfikiria.

Tumsifu alihamia Makambako akiwa na miaka thelathini na moja, kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Hakuwa na ndugu pale wala rafiki. Akitoka kazini alijifungia chumbani, akakaa kitandani na simu, akacheza gemu ya vita.

Ndani ya gemu hiyo aliitwa Jemedari. Aliongoza kikosi cha watu arobaini ambao hakuwahi kuwaona. Kila alipoingia walimwandikia, "Shikamoo Jemedari." Kazini, wateja walimwita "we wa mashine." Basi kila mshahara ulipotoka alinunua humo kwenye gemu panga jipya, ngao, farasi, ili cheo kisimponyoke.

Siku moja mota ya mashine iliungua, wakamsubiri fundi kutoka Njombe siku mbili. Mama Agripina, mwenye mashine, akamwambia:

"Tumsifu, mzee Kihwele hapo stendi anafundisha kusuka mota, kuzifunga waya upya zikiungua. Ada yake haifiki hizo pesa unazoilisha simu. Kwa nini usiende?"

"Nitaenda, mama. Mwezi ujao."

"Mwezi ujao umeshaniambia mara ngapi?"

Ukweli Tumsifu aliuonea aibu: kule angekuwa mtu asiyejua kitu, na kwenye gemu alikuwa mkubwa.

Kisha akaugua homa ya matumbo. Mama Agripina alimletea uji kila asubuhi, akaenda zake kazini. Kutwa nzima Tumsifu alilala akihesabu misumari ya bati, hana nguvu hata ya kushika simu.

Siku ya ishirini aliiwasha simu. Alitegemea kukuta kikosi kizima kinamuulizia.

Palikuwa na ujumbe mmoja tu. Akaufungua haraka.

"Jemedari, tumekukumbuka sana. Rudi leo ununue ngao kwa nusu bei."

Ulitoka kwenye duka la gemu.

Kikosi kilikuwa na Jemedari mwingine. Yeye alishushwa mpaka mwisho wa orodha, jina limefutwa, amebaki na namba tu. Akawaandikia, "Nilikuwa naumwa." Akangoja. Baada ya muda mmoja wao akajibu:

"Wewe ni nani?"

Tumsifu hakulia. Alikaa na simu mkononi mpaka uji ukapoa.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mzee Kihwele. Aliwazidi umri wanafunzi wote, na mwezi wa kwanza aliunguza mota mbili. Chakula cha jioni bado alikula peke yake. Lakini kesho yake alirudi, na kesho yake tena.

Mwezi wa tano, mota aliyoisuka mwenyewe ikanguruma. Mzee Kihwele aliinamisha sikio, akaisikiliza, kisha akampa kalamu ya wino mzito.

"Andika jina lako hapo ubavuni."

"La nini, mzee?"

"Mwenye mota akipata shida, ajue amtafute nani."

Tumsifu alishika ile kalamu muda mrefu kabla ya kuandika.

Funzo: Kucheza si kosa, lakini usimalize jasho lako kununua ukubwa mahali ambapo hata ukitoweka hakuna atakayeuliza; tenga sehemu yake ujifunze jambo litakalowafanya watu wakutafute.