Mpiga Ngoma Aliyegawa Miguu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mtungi.

— Mtungi una nini?

Una mdomo, una tumbo, haya hauna. Sogeeni motoni. Leo nina hasira, asiyetaka kukaripiwa akalale.

Hapo zamani za kale palikuwa na mpiga ngoma, jina lake Mndolwa. Wazazi wake walikwisha kufa, akawa anaishi na mdogo wake wa kike, Siwema. Mndolwa akipiga ngoma, vikongwe walitupa bakora wakaingia uwanjani. Na kijiji kile kilikuwa na desturi: mpiga ngoma hapigi mpaka kwanza anyweshwe kata ya pombe. Watoto wametoka jandoni, kata. Watu wamevuna, kata. Mtu ameoa, kata. Wakaiita heshima.

Kumbe ndani ya mtungi, kwenye banda la pombe, lilikaa zimwi. Siku moja likamwita.

"Mndolwa, Mndolwa, nipe kitu nikupe raha."

"Nikupe nini?"

"Miguu yako."

"Chukua! Mimi nimekaa, miguu ya nini?"

Tangu siku hiyo miguu haikuwa yake tena. Akienda kisimani, miguu inampeleka bandani. Akienda shambani, miguu inampeleka bandani. Watu wakajipanga njiani kumtazama akigombana na miguu yake mwenyewe: "Nyinyi! Nyumbani ni huku! Nimesema huku!" Na miguu hiyooo, inakwenda kule.

Nani amecheka? Nimekusikia, wewe wa nyuma hapo. Basi ndivyo walivyocheka na wao. Na kila walipocheka, mtungi ulijaa, zimwi likanenepa.

Siwema hakucheka. Alimfuata kaka yake bandani, akambeba mgongoni, akamrudisha nyumbani. Akamlimia shamba lake. Watu wakiuliza, "Kaka ana homa." Kesho yake wakiuliza, "Kaka ana homa." Homa gani isiyokwisha? Lakini aliona aibu, angesema nini?

Zimwi likaita tena.

"Mndolwa, Mndolwa, nipe kitu nikupe raha."

"Nikupe nini?"

"Neno lako."

"Chukua! Mimi naimba, neno la nini?"

Asubuhi akaamka analia. "Siwema, mdogo wangu, sinywi tena." Jua halijapanda, amelewa. "Siwema, nitaezeka paa kabla ya masika." Masika yakaingia, paa linavuja, Siwema anatega chungu chini ya tundu. Alimchukia kaka yake. Ndiyo, nasema alimchukia, na alimpenda, yote mawili kwa pamoja, na ambaye hajaishi na mlevi asinifundishe.

Ikafika siku Mzee Kihiyo anamwoza binti yake. Mndolwa akaamka anatetemeka, hata kusimama hawezi.

"Siwema, nibebe unipeleke. Kata moja tu, mikono itulie."

Siwema akambeba, kama alivyozoea. Walipokaribia banda akasikia zimwi linaimba:

"Lete kaka, lete kaka! Miguu nimekula, neno nimekula, leo naila mikono!"

Siwema akasimama. Akaelewa kwamba mlo wa zimwi anaupeleka yeye mwenyewe, kwa mgongo wake. Akamtua kaka yake palepale njiani, kwenye vumbi.

"Kaka, kurudi nitakubeba hata kama umekuwa mzito kuliko jiwe la kusagia. Kwenda sikubebi tena."

"Mchawi we! Unanionea wivu!"

"Tukana. Kwenda sikubebi."

Watu wakaja mbio, Mzee Kihiyo mbele, kata mkononi. "Binti, usituharibie shughuli. Mpe kidogo apige, kisha mpeleke akalale."

Siwema akaipiga ile kata ikaruka.

"Nimpeleke mimi! Kila mara mimi! Ninyi mnacheza, mimi nafua matapishi. Ninyi mnacheka, mimi nabeba. Kuna hata mmoja wenu aliyewahi kunishikia mguu mmoja wa kaka? Mnataka ngoma, hammtaki mtu!"

Hakuna aliyecheka, na mle bandani zimwi likasikia njaa.

"Mndolwa!" likapiga kelele. "Lete mikono!"

Mndolwa alitaka kusema hapana, lakini neno lake lilikuwa tumboni mwa zimwi, hapana yake isingeshika. Alikuwa amebakiwa na mikono tu. Akajiburuta mpaka uwanjani kwenye ngoma yake, akapiga kwa mikono inayotetemeka, bila hata tone la pombe. Ngoma ilikuwa mbovu ajabu, bibi harusi mwenyewe alikanyaga nguo yake. Lakini kila pigo lilisema, "Nirudishie! Nirudishie! Nirudishie!"

Zimwi likalegea kwa njaa, likarudisha. Msidhani lilirudisha kwa mkupuo, zimwi lina roho mbaya. Lilirudisha kidole leo, kisigino mwezi ujao. Mara mbili tatu Mndolwa alirudi bandani kwa miguu yake, na Siwema akaenda akambeba, akitukana njia nzima. Lakini sasa Mzee Kihiyo alishika mguu mmoja. Na ile kata ya mpiga ngoma, walianza kuijaza uji.

Neno ndilo lililochelewa kuliko vyote. Siku moja Mndolwa akasema, "Kesho nitaezeka paa." Siwema akasogeza chungu chake chini ya tundu. Kesho yake akaenda shamba, mvua ikamkuta huko. Akarudi amelowa, akakimbilia chungu chake chini ya tundu ili akimwage.

Chungu kilikuwa kikavu.

Akakaa chini karibu nacho, akalia mpaka mvua ikakatika.

Hadithi yangu imefika mlangoni, na mlango naufunga. Mlevi wako mbebe kurudi, usimbebe kwenda. Na ninyi mnaomnywesha ili awachekeshe, zimwi linawajua kwa majina. Wewe uliyecheka, kuni za kesho unaleta wewe.