Darasa la Edgbaston

Milka alikuwa mtu wa kuhudumia wengine. Kwa miaka kumi na mmoja aliwaosha, akawavisha na kuwalisha wazee katika makao yaliyokuwa Longbridge, upande mmoja wa jiji la Birmingham, Uingereza, ilhali yeye na mumewe Ronny waliishi Stechford, upande wa pili. Mwaka wa 2018 vipimo vya damu vilipoonyesha kwamba wastani wa sukari yake ya miezi mitatu umefika arobaini na tatu, muuguzi alimweleza waziwazi kuwa ikifika arobaini na nane, huo ni ugonjwa wa kisukari wenyewe. Milka hakuhitaji maelezo zaidi. Mama yake, kule Meru, alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo.

Muuguzi alimpa njia mbili za kujikinga: darasa la ana kwa ana huko Edgbaston, mtaa mwingine wa jiji hilo, kila Jumanne saa nne asubuhi, au mafunzo yayo hayo kwa simu, pamoja na mshauri wa kuwasiliana naye. Milka alivutiwa na simu. Ronny, ambaye aliamini neno lake ndilo la mwisho hata katika mambo asiyoyajua, alikataa katakata.

"Mama Kendi, fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. "Mtu aliye ndani ya simu atakuonaje unapojipakulia? Nenda ukae mbele ya mwalimu. Mtazame Mzee Njoroge."

Ni kweli, Mzee Njoroge, muumini mwenzao kanisani, alikuwa amehudhuria darasa hilo akapungua uzito hata suruali zake zote zikapelekwa kwa fundi. Lakini Njoroge alikuwa amestaafu, na nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka ukumbi wa darasa. Hilo Ronny hakulitaja.

Jumanne ya kwanza basi lilikwama katika msongamano. Milka alifika viti vikikunjwa. Ya pili, mfanyakazi mwenzake aliugua, na msimamizi akamwomba aendelee na zamu. Ya tatu alihudhuria, akajifunza mengi, akarudi uso umemkunjuka. Ya nne alifika moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, akasinzia kitini mpaka mwalimu akamgusa bega. Ya tano na ya sita zilimpita vivyo hivyo. Kila alipokosa, Ronny alimhubiria kuhusu bidii, naye mwenyewe amejinyoosha kwenye kochi. Milka aliyameza hayo kama shubiri.

Baada ya miezi mitatu barua ilikuja: kwa kuwa amekosa vipindi vingi, nafasi yake amepewa mwingine. Wiki hiyohiyo vipimo vilisoma arobaini na sita.

Ronny alivuta pumzi ili aanze. Milka akamzuia kwa kiganja.

"Baba Kendi, leo usiniambie neno. Mguu utakaokatwa ni wangu."

Kesho yake aliomba kuhamishiwa mafunzo ya simu. Mshauri wake alikuwa binti aitwaye Leyla, na hawakuwahi kukutana ana kwa ana. Hata hivyo, masomo yalimfuata Milka hadi chumba cha kufulia cha makao, alikopumzikia. Kila mlo aliupiga picha. Leyla alipoona ugali wa kwanza, aliuliza sahani ile ni ya watu wangapi. Milka alikasirika kutwa nzima, kisha akapunguza nusu. Aliponyamaza siku mbili, Leyla alimpigia. Zamu zilipokuwa ndefu, walikubaliana azunguke ua wa makao dakika kumi baada ya kula.

Nyumbani Ronny alinung'unika kuwa chakula kinapoa kikingoja picha. Milka alipiga picha tu.

Miezi sita baadaye matokeo yalikuja: arobaini na moja, chini ya kiwango cha hatari. Ronny aliisoma barua mara mbili.

"Basi methali yangu ilikosea," alisema.

"Haikukosea. Wewe ndiye uliyekosea fimbo. Ya mbali ilikuwa Edgbaston. Hii ilikuwa mkononi mwangu."

Ronny alitoa mfukoni barua yake mwenyewe kutoka zahanati, aliyoificha wiki mbili. Arobaini na tano. Kwa sauti ndogo aliuliza kama Leyla bado anapokea watu. Milka alimtazama, akaguna, akamwambia alete simu yake.

Fimbo yaweza kuwa nzuri na imara, lakini ikiwa mkono hauifikii, nyoka atapita. Ama kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.