Ng'ombe wa Angani

Paukwa!

Pakawa!

Kiota!

Cha mama!

Joto!

La mkosaji!

Haya, tulieni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna taratibu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na majiko yao, alikuwapo Kanga aliyelalia mayai matatu. Siku moja akasikia yai moja linamuunguza tumbo. Akalipasua. Lilikuwa limeiva mpaka kiini. Kanga akalia, akalia sana.

Joto la ajabu lilikuwa limeshuka nchini, hata kivulini halikuondoka. Na mchana kweupe, bila wingu hata moja, mbingu ililia: mooo.

Kanga akaenda kwa Jumbe Nyati. "Shikamoo, Jumbe. Kuna mtu ananipikia wanangu."

"Marahaba, Bi Kanga. Sheria yetu unaijua. Moshi ukiingia kwa jirani, mwenye jiko huenda kukaa naye, ampepee mpaka uishe. Tutamtafuta mwenye jiko."

Wakamkuta Bibi Ngiri anachemsha uji wake. Maskini, wakampeleka kwa Kanga akapepea hadi mikono ikafa ganzi. Joto halikupungua. Yai la pili nalo likaiva.

"Na Fisi je?" Kanga akauliza.

Jumbe akacheka. "Fisi hula nyama mbichi. Hana jiko, moshi ataupata wapi?"

Hapo ndipo walipokosea, jamani. Fisi hakuwa na jiko, lakini alikuwa na mabanda marefu yasiyoonekana mwisho. Ndani yake ng'ombe wasiolijua jua walibanana, wakila, wakicheua, wakipumua. Nyuma ya mabanda samadi ilikuwa imejaa ziwa zima, ikitoa mapovu, na hewa yake na pumzi yao ikatanda juu ya nchi kama blanketi.

Kanga akakumbuka ule mlio wa mbinguni, akamwendea. "Bwana Fisi, hewa ya mabanda yako inanimalizia wanangu."

"Hiyo ni pumzi ya ng'ombe. Mshtaki ng'ombe."

Akarudi mara ya pili. Fisi akasema, "Hata Swala ana ng'ombe wake mmoja. Kamshtaki Swala."

Akarudi mara ya tatu. Fisi akamtupia pande la nyama. "Kula, mama, usahau."

Kanga hakuligusa. Angesahauje, naye amebakiwa na yai moja tu?

Akazoa majivu, maana wazee walipotaka kujua moshi unatoka wapi walirusha majivu. Akawaita wote waje waone. Akayarusha juu ya jiko la Bibi Ngiri. Yakaanguka. Akayarusha juu ya zizi la Swala. Yakayumba kidogo, yakaanguka. Akayarusha juu ya mabanda ya Fisi.

Hayakuanguka. Yalisimama hewani, yakajichora. Pembe. Macho. Vichwa vya ng'ombe, safu juu ya safu mpaka mbinguni, wakiwamo wale waliokwisha kuliwa zamani. Wakageuza shingo polepole, wote pamoja, wakamtazama Fisi.

Fisi akasogea kushoto. Wakamfuata kwa macho. Akasogea kulia. Wakamfuata.

"Si mimi," akasema.

"Wanamjua bwana wao," akasema Jumbe. "Sisi tulikagua majiko ya wanyonge, wewe tukakuacha. Fungua mabanda. Zoa samadi yako. Kisha ukakae kwa Bi Kanga, upepee."

Fisi akafungua. Ng'ombe wakatoka wakijikwaa, mwanga unawaumiza macho. Akazoa samadi kapu kwa kapu. Kisha akakaa kando ya kiota, akapepea. Vile vichwa vilififia, lakini taratibu mno, maana pumzi ile ilikuwa ya miaka mingi. Fisi alikaa mpaka kiuno kikalegea, na hadi leo mgongo wake umeinamia nyuma.

Siku moja lile yai likapasuka. Kifaranga kikatoa kichwa. Kanga akakisogelea kwa furaha, machozi yanamtoka. Kifaranga kikamtazama mama yake, kikafungua mdomo, kikalia: mooo.

Fisi akaacha kupepea.

Kanga akamfunika mwanawe kwa ubawa. "Endelea," akamwambia.

Basi, wanangu, anayechafua hewa ya wote asiachwe ajifiche nyuma ya wanyama aliowafungia, hata akitugawia nyama. Aitwe, ajibu, asafishe kwa mikono yake, tena mapema.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliye karibu na dirisha afungue, tupumue.