Samaki Aliyekuwa Ndugu wa Pande Zote Mbili

Zamani, wajukuu zangu, zamani ile ambayo hata zamani yenyewe ilikuwa bado inatambaa. Mmekaa? Semeni mmekaa. Na wewe Rwiza, toa kidole puani, kisa hiki hakimo humo.

Palikuwa na ziwa dogo, limetulia, limetulia mno. Ukungu haukuondoka juu yake mpaka jua lipande. Mawingu yalishuka kulala ndani ya maji, na samaki wakapita katikati yake polepole, wakapita, wakapita. Mtu akitazama sana alisahau alikuja kuteka maji.

Magharibi ya ziwa waliishi watu wa Mstari. Mashariki waliishi watu wa Madoa. Mnauliza kwa nini waliitwa hivyo? Nyamazeni basi niseme. Mle ziwani mlikuwa na samaki wa aina mbili. Mmoja ana mstari mweusi ubavuni na ulimi laini. Mwingine ana madoa, na ulimi wake unakwaruza kidole. Kila ukoo ulikuwa na samaki wake, na samaki huyo alikuwa ndugu. Ndugu haliwi. Akinaswa anarudishwa majini kwa heshima, anaombwa radhi. Yule mwingine ndiye kitoweo.

Sasa, Kokugonza wa Madoa alipendwa na Kaijage wa Mstari. Naye alimpenda, alimpenda hata akawa anachoma ndizi zikaungua. Lakini bibi harusi aliyetoka ng'ambo alikuwa na mtihani wake. Asubuhi ya harusi anapewa samaki mmoja kutoka kapuni, aseme mbele ya wote: huyu ni ndugu wa nyumba hii, au ni chakula? Akikosea anarudishwa kwao siku ile ile. Mke asiyejua kutambua atamlisha mumewe ndugu yake mwenyewe!

Basi asubuhi ikafika na ukungu wake. Watu wamesimama ufukweni, miguu haionekani, kama wanaelea. Mzee Mutakyawa, baba yake Kaijage, akatia mkono kapuni. Mzee huyo hakuitaka ndoa ile, nawaambieni wazi. Akatoa samaki, akampa.

"Haya binti. Sema."

Kokugonza akatazama. Madoa, ubavu mzima. Akatia kidole mdomoni mwa samaki, maana kwao ndivyo walivyotambua, kwa ulimi. Akapapasa. Akapapasa tena. Ulimi ulikuwa laini.

Kaijage akamnong'oneza, "Koku, mbona unakawia? Ana madoa, hata kipofu anamwona. Sema ni chakula twende zetu nyumbani."

Ilikuwa rahisi hivyo, wajukuu zangu. Neno moja tu, na mume ni wake. Nami ningelisema, msinitazame hivyo! Lakini Kokugonza alimshika yule samaki, samaki akimtazama kwa jicho la duara, na ulimi wake ukagoma kudanganya.

"Baba," akasema, "ubavuni ni ndugu yangu. Ulimini ni ndugu yenu."

Mzee akapaza sauti. "Samaki ni huyu au ni yule! Hakuna wa katikati. Fungeni mizigo yake, arudi kwao."

"Nitarudi, baba. Ila kwanza tia kidole mwenyewe."

Watu wa Mstari hawakuwahi kutia kidole mdomoni mwa samaki. Wao waliangalia ubavu, basi. Mzee akatia, kwa hasira. Akakitoa. Akakitia tena. Kisha akaliendea kapu la samaki wa karamu, wote wa madoa, akaanza kupapasa. Unakwaruza. Unakwaruza. Laini. Unakwaruza. Laini.

"Huyu naye," akasema. "Na huyu." "Mama Kaijage, tumekuwa tukiwala."

Mama Kaijage akaziba mdomo kwa kitenge.

Kokugonza akapiga magoti majini, analia. "Hata kwetu, baba. Sisi tunapapasa ulimi tu, ubavu hatuutazami. Ukiwa laini tunapika. Nimewala ndugu zangu tangu nikiwa mtoto, tena nikiomba nyongeza."

Ukungu ukasogea, ukawafunika, ukawafunua. Mzee Mutakyawa naye akajishusha ndani ya maji, na joho lake la harusi, akaketi kando ya yule binti.

"Kumbe wameoana," akasema taratibu. "Wameoana huko chini, wana watoto na wajukuu, na hakuna aliyetualika. Nasi huku juu tunawapima watoto wetu kwa samaki."

Wakamwachia yule samaki pamoja, mkono wa mzee na mkono wa binti. Akaelea kidogo, akaingia kwenye wingu, akapotea. Harusi ile ililiwa ndizi tupu, na aliyenung'unika ni mjomba mmoja tu, mlafi. Tangu hapo pande zote zikatazama ubavu na kupapasa ulimi, vyote viwili, na aliyechanganyika akawa ndugu wa wote.

Kokugonza akazaa mtoto wa kike. Wakaja wa magharibi, wakaja wa mashariki, wakamzunguka. Huyu anamwangalia pua, yule anamgeuza sikio. "Ni wetu huyu." "Hapana, tazama paji la uso, ni wetu sisi!" Mzee Mutakyawa akapita katikati yao, akamfunika mtoto kwa joho lake, akamkumbatia.

"Ondoeni vidole vyenu," akasema. "Huyu hapimwi."

Ndiyo maana nawaambia, wajukuu zangu: samaki mpapase umjue, lakini mtu mpokee kwanza.

Kisa nimekitua. Anayekipenda akibebe, na asiyekipenda akalale.