Nyuzi Tatu

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza ninyi.

Kwenye mteremko mmoja wa Upare walikuwako ndugu watatu wa tumbo moja. Nakiete alijua nani humtembelea nani, nyumba kwa nyumba. Senkondo, msusi wa nyavu, aliona hata mtikisiko mdogo kabisa. Mrutu, kitinda mimba, akiahidi jambo hageuki.

Mwaka huo ndui iliingia nyumba za chini. Wazee wakafunga vivuko vya mto ushukao katikati ya kijiji, lakini watu walikuwa wameoana ng'ambo zote mbili. Wakavuka kwa kificho, na ugonjwa ukavuka nao.

Ndipo Nakiete akaning'iniza magunzi kwenye boriti, gunzi moja kwa kila nyumba. Nyumba zinazotembeleana akayaunganisha magunzi yake kwa uzi. Siku mbili hakula.

Senkondo akayatikisa, akangoja. Mitetemo ya haraka ilipokufa, ukabaki myumbo mmoja wa polepole: magunzi ya nyumba za juu yakienda huku, ya chini yakienda kule. Kati yake zilipita nyuzi tatu tu.

"Tulikosea kukata mtoni," akasema. "Tukate hapa. Tukizifunga njia hizi tatu, wengi hawatakuwa na sababu ya kuvuka."

Nakiete akaushika uzi wa tatu. "Huu ni wa mke wa Mrutu. Yuko kwao huko chini, anamuuguza mama yake."

Mrutu akachukua mkuki. "Njia hiyo nitailinda mimi."

Siku ya tisa mkewe, Nambike, akaja na mtoto mgongoni.

"Baba Kiondo, tupishe. Mtazame mwanao, hana hata kipele."

"Rudi, mama Kiondo."

"Nirudi kufanya nini? Mama tumemzika jana."

Mrutu alilia, mkuki mkononi, asiwapishe.

Ndui ilipokwisha, nyumba za juu zilikuwa zimesalimika zote. Nambike na Kiondo walizikwa kule chini.

Wazee wakatoa shamba la chemchemi, zawadi ya mtu mmoja, yule aliyeziokoa nyumba za juu.

"Bila jicho langu mngefunga mto tena," akasema Senkondo.

"Bila nyuzi zangu ungetazama nini?" akajibu Nakiete.

Mrutu akageuka kutazama kule chini.

Akasimama baba yake Nambike, makovu mabichi usoni. "Na sisi tuliofungiwa huko chini," akauliza, "hatukutoa kitu?"

Je, ninyi mngempa nani shamba lile?